Risasi za Mkono wa Idi

Nianze kwa kusema kwamba yule Mkongo sikumchukia hata siku moja. Watu wakisikia kisa hiki hudhani hivyo, na mimi nakataa. Niliyemkasirikia ni mume wangu, na hasira yenyewe bado ninayo, ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kumalizia sketi za shule ambazo wenyewe wanazisubiri.

Sisi ni watu wa Tanga, tunaishi ugenini Rosettenville, huku kusini kabisa mwa Afrika, nyumba ya uani kwa mzee mmoja wa Kireno. Mimi nashona. Mume wangu ni mlinzi mwenye silaha; anasindikiza malori ya mizigo, na kazi hiyo ina sharti lake. Kila baada ya muda unaitwa kupiga shabaha, na ukishindwa unarudishwa kulinda geti na kirungu. Silaha ya kazini hulala kazini. Kwa hiyo ili apate ya kufanyia mazoezi tulinunua bastola yetu wenyewe, rivolva, ile ya silinda inayozunguka, tukaomba leseni wote wawili, mke na mume, kwa bastola moja. Nilisoma, nikafanya mtihani, nikafaulu kabla yake. Hilo hapendi nilitaje.

Bastola ilikuwa ya zamani na nzuri kuitazama. Muuzaji alitusifia mpini wa mti, akatusifia weusi wake unaong'aa, akatuambia tumepata bahati. Ugonjwa wake hakuutaja. Tuliambiwa baadaye na fundi wa bunduki tuliyempelekea kukaza skrubu tu. Aliishika, akaichungulia na kurunzi, akauliza, "Nani amewauzia hii?"

Akatuonyesha. Mbele ya silinda, pale mtutu unapoingia kwenye fremu, ndipo risasi inaporuka kutoka kwenye silinda na kuingia mtutuni. Pale wenyewe wanapaita koo. Koo la bastola yetu upande wa chini limekwanguliwa kiwandani ili silinda ipate nafasi ya kufunga, na chuma kimebaki chembamba. Bastola za namna ile zote zina udhaifu huo, na kila mtu wa kazi anaujua. Ukizilisha risasi zenye kichwa chepesi na baruti nyingi, moto unakula palepale, na siku moja koo linapasuka. Nikauliza, likipasuka inakuwaje? Akasema ukiwa na bahati utaona ufa tu, na bastola ndiyo imekwisha. Ukikosa bahati inatema moto na vipande vya risasi pembeni, na mpigaji uso wake uko palepale nyuma. "Macho," alisema, akajigusa kope. Nilirudi nyumbani nimekasirika na yule muuzaji hata chai haikushuka.

Usiniambie tungeiuza. Tumuuzie nani, naye apofuke? Na fundi mwenyewe alisema si bastola ya kutupa, ni ya kulishwa vizuri. Kichwa kizito, mwendo wa pole, baruti ya wastani, basi itawazika nyinyi wote. Tatizo risasi za namna hiyo dukani zilikuwa za kubahatisha. Leo zipo, kesho hazipo, na zile za moto ndizo zimejaa rafu nzima. Nikasema haya, nitajaza mwenyewe.

Mume wangu alicheka. Baada ya wiki hakucheka tena, kwa sababu meza ya cherehani niliigawa nusu: huku nguo, huku mashine ndogo ya kushindilia, mizani, na vitabu vya vipimo. Kazi yenyewe mtu wa sindano anaielewa. Unachukua ganda lililokwisha pigwa, unalisafisha, unalirudisha umbo lake, unatia fataki mpya kitakoni, unapima baruti, unaimimina, unaweka kichwa, unashindilia. Ila hapa hakuna kuonja na kuongeza. Huu si mchuzi. Ukizidisha hujui umezidisha mpaka imelia.

Nilichagua vichwa vizito vya madini ya risasi tupu. Nikaanza na kipimo cha chini kabisa kilichomo kitabuni, nikapanda kidogokidogo, na kila mara tulipotoka uwanja wa shabaha nilikagua maganda kama ninavyokagua mishono. Nilitazama kama fataki zimebonyea kwa adabu au zimebapazwa, na kama maganda yanatoka kwenye silinda kwa kidole au yameng'ang'ania. Kisha nilichungulia koo na kioo kidogo cha daktari wa meno. Tulipofika mahali ambapo bastola inapiga sawa, haiumizi mkono na koo halina alama, nikasimama hapo. Kipimo chenyewe sikiandiki na usiniulize, kila bastola na chake. Hicho kilikuwa cha yetu, na kilikuwa na nafasi ya kutosha chini ya mpaka wa hatari. Nilijivunia sana. Mpaka leo najivunia, kwa nini nifiche?

Sasa aje Mkongo.

Huyu bwana ni wa Lubumbashi, anakaa ghorofani karibu na Joubert Park, na anafanya kazi kampuni moja na mume wangu. Mtu mkubwa wa mwili, wa kicheko na wa mkono ulio wazi. Siku zile wageni walipokuwa wanakimbizwa mitaani, mume wangu alikwama mjini, na huyu bwana ndiye aliyemfungulia mlango, akamweka chumbani kwake mpaka barabara zikatulia, akampa kitanda chake, yeye akalala chini. Tangu hapo mume wangu humwita ndugu, na yeye humwita mume wangu mukubwa, japokuwa yeye ndiye mwenye miaka mingi. Mimi ananiita shemeki, shemeji kwa kwao.

Yeye pia hujaza risasi zake, na hapo ndipo tulipoachana njia. Bastola yake ni rivolva kama yetu, inameza risasi za saizi ileile, lakini ni nene, nzito kama kinu, chuma tele kooni. Anazijaza mpaka karibu na mpaka, kichwa chepesi, zinalia hadi mabati ya uwanja wa shabaha yanatetemeka. Kwa bastola yake hazina neno. Zangu alizidharau waziwazi. Tukiwa tumepanga mstari Jumapili, mimi nikipiga, yeye hugeuka kwa wenzake.

"Shemeki, risasi yako inapigaka hodi mbele ya kuingia?"

Wanaume wote kwa kicheko. Nami namjibu, "Inapiga hodi kwa sababu ina adabu. Ya kwako imelelewa wapi?" Tunacheka wote. Utani wa shemeji nauweza, sijapungukiwa ulimi. Kilichoniuma ni kwamba mume wangu alikuwa anacheka na yeye anatazama chini, kana kwamba risasi za mkewe ni jambo la kuomba radhi.

Basi ikaja Idi. Nimepika pilau, nimeoka mkate wa sinia, nyumba imejaa. Mkongo wetu ni Mkristo, lakini Idi yetu hajawahi kuikosa. Alifika amevaa suti, na chini ya kwapa ana kisanduku kimefungwa karatasi ya maua. Akampa mume wangu mbele ya wageni wote.

"Mukubwa, munasemaka mukono wa Idi. Hii iko mukono yangu."

Mume wangu akapokea kwa mikono miwili, akafungua. Risasi. Kisanduku kizima, zimepangwa vichwa juu, zinang'aa, amezisugua moja moja. Risasi zake zile za moto, kazi ya mikono yake, kwa ajili ya bastola yetu yenye koo la karatasi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikarudi jikoni nikaegemea sinki.

Watu wa bara pengine hawatanielewa, kwa hiyo niseme. Mkono wa Idi haukataliwi kwetu. Mtoto akipewa peremende moja anapokea na kushukuru. Kuurudisha ni kumwambia mtu kwamba hata sikukuu haikuweza kutupatanisha. Na wanaojaza risasi nao wana mila yao, kali vilevile: hupigi risasi iliyojazwa na mkono wa mwingine, hata awe babako, maana hujui alichotia, wala yeye hajui bastola yako inavumilia nini. Mila mbili hizo zilikutana sebuleni kwangu siku ya Idi, na mume wangu akasimama katikati akitabasamu.

Wageni walipoondoka nilichukua risasi mojawapo, nikaitia kwenye ile nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa, nikaigonga sakafuni mpaka kichwa kikatoka. Nikamimina baruti kwenye mizani. Ikawa ndivyo nilivyojua: kichwa chepesi, baruti imejaa, yaani fundi alichokikataza neno kwa neno. Nikamwita.

"Baba watoto, njoo uone."

Akaja, akaona. Si mjinga, alielewa palepale.

"Sitazipiga," akasema. "Nitaziweka tu."

"Usiweke. Mrudishie. Mwambie bastola yetu ina koo bovu, haziwezi. Si kosa lake, hajui."

"Nimrudishie mkono wa Idi?"

"Ndiyo!"

"Mke wangu, yule mtu alinilaza kitandani kwake."

"Nani kasema hakukulaza? Nasema macho!"

Akafunika kisanduku. Mume wangu akinyamaza ndiyo basi, unaweza kupiga ngoma na zumari. Kisanduku kikafungiwa kwenye sefu, nikajilazimisha kuamini yamekwisha.

Hayakwisha. Mwenye zawadi alitaka kuona zawadi yake inatumika, na huo si ubaya, hata mimi nikimshonea mtu kanzu nataka nimwone ameivaa. Kila wakikutana anauliza. "Mukubwa, ile kado ulishaka kuitumikisha?" Mume wangu anajibu bado ndugu yangu, naiweka kwa siku maalumu. Siku maalumu! Badala ya kuuzima moto anautilia kuni. Nikamwambia basi nitamwambia mimi. Hapo ndipo aliponijia juu, mtu ambaye hapandishi sauti hata robot, taa za barabarani, zikiharibika na magari yote yanampigia honi.

"Ukimwambia, umenivunjia udugu wangu. Usiingilie."

Nisiingilie! Baruti napima mimi, koo nachungulia mimi, kitandani nalala naye mimi, lakini nisiingilie. Nilimshonea suruali mteja siku hiyo nikakosea zipu, nikaifumua yote. Lakini Mkongo sikumwambia, kwa kuwa mume wangu alikuwa ameniahidi hatazipiga, na nilimwamini.

Jumapili moja tukaenda uwanjani kama kawaida, kusini mwa jiji, jua kali, upepo wa vumbi la migodi. Mtihani wake wa kazini ulikuwa umekaribia. Nilikuwa nimebeba risasi zangu mwenyewe, za kutosha. Nilikwenda kuchukua karatasi za shabaha ofisini, na niliporudi nikakuta Mkongo amesimama nyuma ya mume wangu na wenzao watatu wanne wa kazini, wamenyoosha shingo. Mezani, kisanduku kiko wazi. Karatasi ya maua imekunjwa vizuri pembeni.

Mume wangu alikuwa ametoka nacho nyumbani. Alikitoa sefuni mimi nikiwa naoga, akakitia mfukoni mwa koti, akaendesha gari njia nzima akiongea nami habari za bei ya vitunguu.

"Leo ndiyo leo, shemeki," Mkongo akaniambia kwa furaha. "Mukubwa anafungua kado."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatia risasi kwenye silinda, moja, nyingine, nyingine, na mikono yake ilikuwa na jasho. Alijua. Hilo ndilo linalonichemsha mpaka leo. Angekuwa hajui ningemlilia, lakini alijua kila kitu. Alikwishaiona ile baruti kwenye mizani, alimsikia fundi, alimwona akijigusa kope. Na bado alifunga silinda, akavaa miwani yake ya plastiki, akapandisha mikono. Alikuwa tayari kutoa macho yake mawili ili rafiki asinune.

"Weka chini," nikasema.

"Tafadhali," akaninong'oneza bila kugeuka. "Si nyingi. Pengine haitakuwa kitu."

"Weka chini bastola, baba watoto."

Msimamizi wa uwanja akageuka kututazama. Mume wangu akaiweka mezani, mtutu umeelekea kifusi cha shabaha. Alidhani nitaanza kupayuka, akawa anajiandaa kwa aibu, nilimwona anavyokaza mabega. Hata mimi nilidhani nitapayuka. Lakini nilipofungua mdomo lilitoka jingine.

"Mkono wa Idi si wa mtu mmoja," nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ni wa nyumba. Leseni ninayo. Naanza mimi."

Mkongo akapiga makofi. "Sharp, shemeki! Leo utasikia risasi ya mwanaume!"

Nikavaa miwani. Nikasogea mezani, nikaishika bastola, mtutu mbele, kidole nje ya kifyatulio kama nilivyofundishwa. Sitadanganya, niliogopa. Sijui kama ningefyatua kweli. Watu wameniuliza sana nami sijui. Nilipandisha mikono, nikasawazisha, nikahisi uso wangu ulivyo karibu na lile koo.

Mkono wa mume wangu ukanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, bila kuyumbisha mtutu.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Usipige."

"Kwa nini? Si zawadi?"

"Hazifai!" Alipiga kelele, na uwanja mzima ulisikia. "Hizi risasi hazifai kwa bastola hii! Koo lake ni bovu, litapasuka, litakutoboa macho! Weka chini!"

Nikaiweka chini. Akafungua silinda yeye mwenyewe, akazimwaga zote mezani, zikabingirika mpaka nyingine zikaanguka chini. Hakuna aliyeziokota. Wale wenzao walikuwa wanatazama viatu vyao.

Mkongo hakununa. Hilo nataka liandikwe. Rangi ilimtoka yule bwana mkubwa, akaja mezani, akainama na kurunzi yangu, nikamwonyesha koo na pale lilipokwanguliwa. Alitazama, akatazama tena. Kisha akaanza kuokota risasi zake, nyingine chini ya meza, kwa magoti, na suruali yake ya Jumapili.

"Mungu wangu," alikuwa anasema. "Mukubwa, juu ya nini haukuniambia? Ningekuuwa. Na mukono yangu mwenyewe ningekuuwa."

Walikumbatiana pale, wanaume wawili na kisanduku katikati, wakapigana mgongoni, mmoja anaomba radhi na mwingine anaomba radhi. Mkongo akanigeukia akaniomba radhi na mimi, kisha akaniomba nimjazie mume wangu za kumtosha mazoezi ya mtihani, akasema vichwa vizito atavitafuta yeye. Udugu ule uliokuwa uvunjike haukupata hata mkwaruzo. Vitisho vyote vile nyumbani, usiingilie, umenivunjia, kumbe lilikuwa suala la maneno mawili, na mwenyewe angeshukuru.

Ungedhani hapo ningepoa. Sikupoa. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo hasira iliponipanda sawasawa, mpaka nikamwambia asimamishe gari, akasimama mbele ya spaza moja, kiduka cha mtaani, karibu na nyumbani. Nilikuwa nimefikiri njia nzima juu ya lile neno lake, hapana. Niliambiwa haliwezekani. Niliambiwa mtu aliyekupa kitanda huwezi kumwambia hilo, na mkono wa Idi ndiyo usiseme. Lakini nilipoishika mimi bastola neno lilitoka palepale, mbele za watu, kwa kelele. Kumbe alikuwa nalo siku zote.

"Kwa nini mimi ulinikatalia?" nikamuuliza.

Alishangaa hata swali lenyewe. "Ningekuacha upige? Macho yako hayo!"

"Na yako?"

Akaangalia usukani. Mtu mmoja alitoka spaza na mkate, akatupita.

"Yangu ni yangu," akasema taratibu. "Nilisema potelea mbali."

Nilimpiga kofi la bega, la kweli, si la utani, na nikaanza kulia kwa hasira. Miaka yote hii nampa mkono ndiyo anivukishe barabara za jiji hili, yeye ndiye anisomee vibao nikiwa nimeacha miwani, yeye ndiye anione nikija kwa mbali anyanyue mkono kabla sijamwona.

"Macho yako," nikamwambia, "ulidhani ni ya nani?"